Kinuthia, Mpimaji wa Sauti Zinazopotea

Shemeji yangu Evanson Kinuthia alikuwa na kazi ambayo hata leo nikiieleza sokoni Mukuyuni wanawake wenzangu hunicheka. Wengine wana shemeji mwalimu, wengine wana shemeji dereva wa lori. Mimi nilikuwa na shemeji aliyelipwa kutabiri mahali sauti itakapopotea. Alikaa mezani na penseli na ramani, akapiga hesabu, kisha akakwambia: ukisimama hapa na redio utasikia, ukisimama pale hutasikia. Na kabla hujamuuliza amejuaje, alikuwa ameshanyamaza.

Kunyamaza ndiko hasa nilikotaka kuanzia. Watu wapole nimewaona wengi, lakini Kinuthia alipita kipimo. Siku alipofunga ndoa na dada yangu Kalunde, mchungaji alimuuliza lile swali la kila harusi, naye akajibu kwa sauti ndogo hivi kwamba mchungaji alimwinamia na kumuuliza tena. Sisi watu wa Kasikeu tulicheka mpaka viti vikalia. Mimi nilimwambia Kalunde jioni hiyo kwamba ameolewa na ukuta. Akanijibu kwamba ukuta angalau hauna matusi.

Wazazi wake Kinuthia walitoka upande wa Murang'a. Miaka ya kwanza baada ya uhuru baba yake, Mbugua, alihamia Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, akafungua hoteli ya chai na mandazi kwa madereva wa malori. Mama yake, Wakiuru, ndiye aliyekanda unga na kugombana na wateja. Watoto wake wengine wote walikufa wachanga. Huyu mmoja aliyebaki akawa ndiye mboni ya jicho lake, na sitamlaumu kwa hilo hata siku moja. Mle hotelini mlikuwa na redio kubwa ya betri, na habari zilipoanza ilikuwa kazi ya Kinuthia kuihamisha kutoka dirishani hadi kaunta, kutoka kaunta hadi juu ya gunia la sukari, mpaka mtangazaji asikike vizuri. Wateja walidhani anacheza. Yeye alikuwa anajifunza kwamba sauti hupita mahali fulani ikakataa kupita pengine, na kwamba si bahati tu, ipo sababu.

Akiwa shule ya upili aliugua matumbwitumbwi. Mashavu yalivimba, kisha ugonjwa ukashuka chini, akalala chali kwa maumivu. Wakiuru alifunga hoteli akamuuguza mpaka akapona, akarudi shuleni, na hakuna aliyeufikiria ugonjwa huo tena.

Alisomea ufundi wa simu Nairobi, akapelekwa kufanya kazi Kitui. Kalunde wakati huo alikuwa opereta wa simu pale hospitalini. Swichibodi ikiharibika, Kinuthia aliitwa. Kalunde anaapa kwamba baada ya muda ilianza kuharibika mara nyingi kuliko kawaida, na kwamba mara nyingine fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga, akaomba maji ya kunywa. Hiyo ndiyo posa yake. Hakuna barua, hakuna mjumbe, ni maji tu. Nasema ninayoyajua.

Waliishi vizuri. Kalunde aliongea kwa watu wawili na Kinuthia alisikiliza kwa watu wawili, na nyumba haikukosa mazungumzo. Kilichokosekana ni mtoto. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine. Mzee Mbugua akafariki kule Kambu bila kumshika mjukuu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwa watu wa kina Kinuthia kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwao si jina tu. Wakiuru aliamini kabisa kwamba mume wake yuko njiani akirudi, na kwamba kuna mtu amefunga mlango. Mtu huyo alikuwa Kalunde. Pale Kambu alimwambia yeyote aliyeagiza chai kwamba mwanawe amepanda mbegu kwenye mwamba.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili lilijulikana na watu watatu tu: Kinuthia, Kalunde na daktari mmoja wa Nairobi. Walikwenda kupimwa wote wawili. Daktari akawaketisha, akawaeleza polepole kwamba Kalunde hana tatizo lolote. Tatizo ni la Kinuthia, tangu yale matumbwitumbwi, na dawa yake hakuna. Wakapanda basi la Kitui. Kinuthia alitazama nje ya dirisha mpaka wakafika Machakos bila kutamka neno. Dada yangu akamwonea huruma. Akamshika mkono, akamwambia, “Mama yako akijua hii kitu itamuua. Tutasema ni mimi.” Kinuthia hakusema ndiyo, na hakusema hapana. Basi likaendelea na safari.

Mimi niliambiwa baadaye, na nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Kalunde alisema, “Syokau, nyamaza, ni mzigo wangu.” Nikamwambia si wake. Lakini tangu siku hiyo aliubeba. Wakiuru alipomsema, aliinamisha kichwa. Kinuthia naye aliinamisha kichwa upande wa pili wa meza, na mama mtu akadhani mwanawe anaona aibu kwa ajili ya mke wake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka wa themanini na saba, mradi wa redio ulipokuja.

Shirika moja la kanisa la ng'ambo lilijitolea kuweka mlingoti pale hospitalini Kitui na kununua redio za kuzungumza, zile unazofunga kwenye gari au kuweka mezani. Zingefungwa kwenye magari ya wagonjwa na kwenye zahanati za pembeni ya mji, ili mama akishikwa na uchungu usiku gari liitwe badala ya kumtuma mtu kwa baiskeli. Sharti lilikuwa moja: redio zitanunuliwa tu kwa mahali ambapo imethibitishwa sauti itafika. Kinuthia akapewa kazi ya kutabiri, kisha kupima.

Kutabiri kulifanywa kwa hesabu ya Wajapani. Walikuwa wamezunguka mji wao mkubwa kwa gari lenye antena, wakapima jinsi mawimbi ya redio yanavyodhoofika kadiri unavyouacha mlingoti nyuma, na mwingine akaja kuyageuza yote kuwa hesabu ya kupigwa kwa kikokotoo. Unaingiza urefu wa mlingoti, unaingiza umbali, unaingiza aina ya mawimbi. Halafu unaulizwa swali moja ambalo si la hesabu: hapa ni mahali pa namna gani? Mji mkubwa, mji mdogo, viunga vya mji, au uwanda wazi? Kila ukuta hula sauti kidogo, kwa hiyo mahali penye kuta nyingi sauti hufa mapema. Kinuthia alitaka kuandika viunga. Alijua Kitui yetu ni maduka ya mabati, miti ya kivuli na mbuzi.

Kwa bahati mbaya kulikuwa na kamati, na kwenye kamati alikuwako diwani mmoja aitwaye Ndululu, mtu mwenye mapenzi makubwa kwa mji wake.

“Kinuthia,” Ndululu alimwambia, “wewe tunakupenda, lakini usituaibishe. Kitui iko na benki. Iko na petroli stesheni. Iko na nyumba ya ghorofa. Sasa hii karatasi iende ng'ambo imeandikwa sisi ni viunga? Viunga vya nani? Watu wa Machakos wakisikia watatuona aje?”

“Mheshimiwa, si kwa ubaya. Ni vile tu ile hesabu—”

“Andika mji mkubwa.”

Kamati nzima ikapiga makofi. Shemeji yangu aliye na elimu yake, anayejua kabisa kwamba heshima hiyo itaugeuza mji kuwa ukuta mtupu kwenye hesabu, akaandika mji mkubwa. Hakuweza kumkatalia mtu aliyemtazama usoni. Ni ugonjwa, na alikuwa nao tangu utotoni, kabla hata ya ule mwingine.

Hesabu ikatoka kama ilivyoamriwa. Alichora ramani kwa rangi, kijani mahali sauti itafika na nyekundu mahali itakapokufa, na wekundu ulikuwa mwingi. Kubwa zaidi ni kwamba zahanati ya Esha Hemedi iliangukia kwenye nyekundu. Esha alikuwa nesi na mkunga, Mwislamu wa hapo hapo Kitui, na zahanati yake ilikuwa mteremkoni chini ya soko, karibu na msikiti. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa amempandisha mzazi mwenye uchungu hospitalini kwa mkokoteni wa kubebea maji, yeye mwenyewe akisukuma kwa nyuma. Alipoonyeshwa ramani aliuliza tu, “Huwezi kuja kupima kwanza?” Kinuthia akamwambia kupima kutakuwapo, lakini asitie matumaini.

Wiki hiyo hiyo ya kupima, Wakiuru akashuka kwenye basi akiwa na kuku wawili na jina la msichana. Waringa, wa pale pale Kambu, baba yake ana duka, nyumba yao haijawahi kukosa watoto. Hakuficha. Aliwaketisha mwanawe na mkwewe sebuleni, akasema Kalunde si lazima afukuzwe, anaweza kukaa au kurudi kwao Kasikeu, apendavyo, lakini Waringa ataletwa. “Mimi nimezeeka,” alisema. “Mbugua ananingoja na sina la kumwambia. Nikirudi Kambu, narudi na jibu.” Kinuthia akatazama sakafu. Kalunde akaenda kuwachinja kuku.

Basi kesho yake kazi ikaanza, na yafuatayo nimeyapata kwa Kalunde, mengine kwa Kinuthia mwenyewe, ambaye alichukua miaka kunimalizia.

Kupima kulifanyika hivi. Pale hospitalini, kwenye kichumba chini ya mlingoti, mtu alikaa na maikrofoni akaongea bila kukoma. Kinuthia alizunguka mji kwa Landrova yenye mashine ya kupokea, akisimama kila mahali palipowekwa alama kwenye ramani, akisoma sindano ya mashine na kuandika. Redio nyingine zote zilikuwa bado hazijanunuliwa, kwa hiyo aliyesikia ni yeye peke yake, na hakuwa na jinsi ya kujibu. Mtu wa kuongea bila kukoma alitafutwa. Hospitali nzima ikamtaja Kalunde.

Asubuhi Kinuthia alimpa nakala ya ramani na kumwonyesha njia atakayofuata. Akaweka kidole kwenye nyekundu. “Pale kwa Esha hutafika. Nitakuwa hapo wakati wa adhana ya adhuhuri. Lakini usinyamaze. Ukinyamaza sitajua kama ni mlima umekula sauti au ni wewe umeenda kunywa chai.”

“Sasa nitaongea nini mahali sifiki?”

“Chochote.”

Asubuhi yote dada yangu aliongea. Alihesabu moja mpaka kumi. Alipochoka na kuhesabu aliimba nyimbo za kitabu cha kanisa, kisha akaeleza namna ya kupika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, usigande, kisha akamsema mhasibu wa hospitali kwa jina. Kinuthia anasema ilikuwa raha. Alisimama nyuma ya soko akimsikia mkewe akicheka peke yake, akasoma sindano, akaandika, akacheka naye ndani ya gari. Hapo ndipo angepaswa kushtuka, kwa sababu mahali pengine palipokuwa nyekundu sindano ilikuwa inapanda. Lakini alijiambia ni mashine. Aliteremka kwa Esha, akazima gari chini ya ukuta wa zahanati, akavaa miwani. Muadhini akaanza.

Kule juu hospitalini Kalunde alisikia adhana ikija na upepo, akatazama ramani, akaona nyekundu. Akafunga mlango wa kile kichumba.

“Sasa naongea na ukuta,” alisema kwenye maikrofoni. “Haya. Mimi Kalunde, naongea kutoka hospitali, na hakuna mtu ananisikia. Kinuthia, ulisema hapo sifiki, na mimi nakuamini, wewe ndiye fundi. Wacha basi niseme.

“Huyo Waringa namjua. Ni msichana mzuri, sina ubaya na yeye. Ataletwa, atakaa mwaka, atakaa miwili, halafu na yeye ataanza kuitwa mwamba. Na mimi nitakuwa Kasikeu kwa mama yangu, nachunga mbuzi. Hapo sasa mama yako ataona nini? Atatafuta mwingine? Mtamaliza wasichana wa Kambu?

“Ile siku kwa basi hukunituma. Nilisema mwenyewe tutasema ni mimi, na nilisema kwa mapenzi. Lakini Kinuthia, nilidhani ni mpaka tufike nyumbani. Nilidhani ni mpaka uzoee. Mtu akibeba mtungi, hata mpita njia humsaidia kutua. Wewe unakaa hapo meza moja na mimi, unaona nikitukanwa na dhambi sina, na hata siku moja hujawahi kusema, leta nishike.

“Kutozaa hakunichoshi. Hiyo ni Mungu, na Mungu sishindani naye. Kinachonichosha ni wewe kunyamaza. Na ukinyamaza jioni hii tena, nitaenda. Sitakulaumu, sitasema kitu kwa mtu, nitabeba siri yako mpaka Kasikeu. Lakini nitaenda, na nitalia njia yote, kwa sababu mimi bado nakupenda, mjinga wewe.”

Akapenga kamasi. Kisha akasema, kwa sauti ya kazi, “Moja, mbili, tatu. Kalunde anaongea kutoka hospitali. Moja, mbili, tatu, nne.”

Kila neno lilifika. Lilifika kavu, bila mkwaruzo, safi kuliko hata nyuma ya soko, kwa kuwa mteremko ule haukuwa mji mkubwa wala mdogo. Ulikuwa vibanda vichache, michongoma na hewa, na kutoka pale mlingoti ulionekana kwa macho ukiinua shingo. Kifungo cha sauti kilikuwa chini ya kidole gumba cha Kinuthia. Kupima hakukuhitaji masikio, sindano ingemtosha. Aliniambia kwamba alikishika kile kifungo kwenye neno la pili tu, akajua anachoelekea kusikia, na kidole kikataka kuzungusha. Hakuzungusha. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimchukia miaka mingi yule bwana, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Esha akatoka zahanatini na kikombe cha uji. Akamkuta ameegemea usukani.

“Vipi, fundi? Kuna msiba?”

“Hapana, mama.”

“Sauti je? Imefika?”

Shemeji yangu akatazama ile mashine, akamtazama Esha. “Haijafika,” akasema.

Esha akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amezoea. “Basi,” akasema, “kunywa uji, usipoe.” Na Kinuthia akaunywa uji wa mwanamke aliyetoka kumdanganya. Nikiulizwa mtu ateseke duniani namna gani, nitasema hivyo inatosha.

Akawasha gari akapanda mlima. Na njia nzima alikuwa anajua kwamba akiandika pale kwa Esha hakuna kitu, hakuna binadamu atakayegundua. Ramani itakuwa imesema kweli, Ndululu atakuwa na mji wake mkubwa, Kalunde atabaki na heshima yake ya kutosikika. Na wazazi wa chini ya soko wataendelea kupandishwa kwa mkokoteni. Akiandika kweli, itabidi amtazame mkewe usoni.

Kalunde alikuwa anakunja waya alipoingia. “Nimekauka koo,” alisema. “Niambie, pale kwa Esha ulipata kitu?”

“Ulifika.”

“Nilifika aje?”

“Vizuri.”

Dada yangu akauacha waya. “Kutoka lini?”

“Kutoka mwanzo. Mpaka ile moja, mbili, tatu.”

Anasema masikio yalimwaka moto. Alichukua ramani mezani akaigonga kwa ngumi. “Ulichora nyekundu! Kinuthia, ulichora nyekundu!”

“Nilikosea. Niliandika Kitui ni mji mkubwa.”

“Nilikuamini!”

“Najua.” Akakaa kwenye stuli, mikono magotini. “Kalunde, jioni nitasema.”

“Utasema nini? Na kwa mdomo upi?”

Kinuthia alimvuta Kalunde kwa mkono wakatoka, wakapanda Landrova, wakateremka tena mpaka kwa Esha. Kinuthia akamwambia Esha, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja benchini, kwamba sauti imefika, kwamba alimdanganya, na kwamba redio yake itakuja hata kama itabidi hesabu ya mji mzima ipigwe upya. Esha alisema alhamdulillahi, kisha akamwita mwongo, kisha akaenda kuongeza maji kwenye uji. Kalunde alisimama kando ya gari akimtazama mume wake kana kwamba ametoka safari ndefu. Alikuwa hajawahi kumsikia akikiri kosa mbele ya watu.

Lakini Esha si mama yake. Jioni ilikuja.

Wakiuru alikuwa ameshafunga kikapu chake. Walikula. Alipomaliza alifuta mikono, akamgeukia mwanawe. “Kesho nachukua basi ya asubuhi. Waringa nimwambie nini?”

Kinuthia akasema kitu.

“Ongea nisikie!” Wakiuru alisema. “Mimi si mtoto, unaninong'onezea nini?”

Basi Kinuthia akasimama. Kalunde anasema alisimama kama watu wanavyosimama kanisani kutoa ushuhuda, ameshika kiti kwa nyuma, na sauti ikatoka kubwa mpaka mwenyewe ikamshtua.

“Mama, ni mimi. Daktari alisema ni mimi. Ni ile matumbwitumbwi ya wakati ule. Kalunde hana kasoro. Alijua tangu siku ya daktari, akanibebea, na mimi nikamwacha abebe. Waringa asije. Hakuna msichana atazaa na mimi.”

Wakiuru hakulia. Alitazama meza, akaanza kukusanya makombo kwa kiganja, moja moja, mpaka yakaisha. “Nilifunga hoteli,” akasema. “Nilikuwekea chai ya tangawizi. Nilidhani nimekuponya.”

“Uliniponya, mama.”

“Basi Mbugua ndiyo hivyo.” Akayamwaga makombo sahanini. “Ndiyo hivyo, amekwisha kwenda.” Na hapo ndipo alipolia, kwa muda mrefu, na mwanawe akapiga magoti akamshika miguu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Hata mimi, ambaye sikumpenda, nikiifikiria ile saa moyo wangu huniuma. Alikuwa anamzika mume wake mara ya pili.

Alipomaliza alijifuta kwa lesso, akamtafuta Kalunde kwa macho. Dada yangu alikuwa amejibanza karibu na mlango wa jikoni, sahani mikononi.

“Wewe. Weka hizo sahani. Kuja ukae hapa.”

Kalunde akaja akakaa.

“Nimekutukana mara ngapi?”

“Sikuhesabu, mama.”

“Mimi nazikumbuka.” Wakiuru alimshika mkono, akauweka pajani mwake na kuufunika kwa wake. “Nitazitaja zote, na kila moja nitaomba msamaha. Usinikatize. Ya kwanza nilisema kule Kambu, msimu ule wa matanga ya Mbugua. Nilikuwa naongea na majirani kwa mlango wa nyuma, wewe ulikuwa ndani unaosha sufuria. Nilijua husikii.”

“Nilisikia,” Kalunde akasema.